Pweza Ambao Hakuna Aliyewavua

Tangu habari za akili mnemba zilipoingia kisiwani kwetu Mafia, nazo ziliingia kwa njia ya simu za mkononi kama yaingiavyo mambo yote siku hizi, sijapata kukaa barazani pasiwe na watu waliogawanyika juu yake. Wako wanaoisifu hata wakapita kiasi, wakidai kwamba haja ya kujifunza kutunga imekwisha, na haja ya kujifunza kuandika programu za kompyuta imekwisha vilevile, maadamu mashine huagizwa ikaleta; na wako wanaoilaani bila ya kuijua, na laana ya asiyejua, kwa maoni yangu, haina uzito kuliko sifa zake. Mimi ni miongoni mwa wenye shaka. Lakini shaka yangu haikuzaliwa na uzee wala na hofu ya mambo mapya, kwa kuwa nimekaa na kompyuta tangu zama ambazo wengi wa wanaonicheka barazani walikuwa hawajazaliwa; imenijia kidogo kidogo, kwa kazi nilizozishika na kwa watu walionifunza, na jambo lililotokea mwaka huu kijijini kwetu katika hesabu ya pweza limeniamshia kumbukumbu zake zote. Hesabu hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza nirudi nyuma.

Nilizaliwa Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende, penye mibuyu na popo na magofu ya Wajerumani, na mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa vyombo hapo. Wageni waliopita kuitazama kazi yake walistaajabu kwamba hapakuwa na mchoro wa aina yoyote: mkuku ulilazwa mchangani, hanamu na fashini zikasimamishwa, na mataruma yakachaguliwa mojamoja katika matawi yaliyopinda yenyewe kama alivyotaka fundi, na kipimo cha chombo kizima, tangu omo hadi tezi, kilikuwa katika jicho lake na katika kipande cha uzi. Mimi na wanagenzi wenzangu tulitamani tezo, kwa kuwa tezo ndiyo iliyokuwa na fahari, nasi tulinyimwa. Kazi tuliyopewa ilikuwa kalafati, yaani kusokota nyuzi za pamba, kuzichovya mafutani, na kuzisindilia kwa patasi butu na nyundo katika kila mwanya baina ya ubao na ubao, jua la utosini, tangu asubuhi hata adhuhuri, na kurudi tena baada ya sala.

Hakuna kazi iliyonichosha roho kama ile, na kwa muda mrefu niliihesabu kuwa ni adhabu. Mjomba alikuwa akija nyuma yetu jioni, akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila mshono, akizungumza na watu mambo mengine kabisa, bei ya mbata, ugonjwa wa fulani, na huku ukucha unakwenda. Siku moja ukucha ulisimama. Mahali uliposimama palikuwa sawasawa na penginepo kwa kadiri ya macho yangu. Lakini alitwaa ncha ya kisu, akaifumua pamba yote ya mshono ule kiasi cha dhiraa mbili, na ndani tukaona kweli kwamba nyuzi zilikuwa zimejikunja zikaacha uwazi ambao bahari ingeuona kabla yetu. Nikamwuliza, "Mjomba, umejuaje?" Akanijibu kwa neno moja, "Nimekalafati," akaendelea na habari ya bei ya mbata.

Jibu lile nilililalamikia nafsini mwangu kuwa ni jibu la kiburi, na sasa nalitumia kila ninapowasikia wauzaji wa akili mnemba wakituambia kwamba mashine itatwaa kazi za chini zenye kuchosha, na kumwachia binadamu kazi za juu za kufikiri na kukagua. Kijana anayeingia katika kazi ya programu alikuwa, hadi juzi, akipewa hitilafu ndogondogo za kurekebisha, majaribio ya kuandika, sehemu ambazo mabingwa wameona hazistahili muda wao. Naye alichoka, akanung'unika, na katika kunung'unika kwake jicho likafunguka. Hizo ndizo kazi za kwanza kukabidhiwa mashine, kwa hoja kwamba mtu mzima atabaki kuwa mkaguzi. Sijasikia kwao bado huyo mkaguzi wa miaka ishirini ijayo atatoka wapi, ikiwa leo hakuna anayekalafati.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipokuwa nikisoma, nilishikwa na homa ya ushairi, nayo ilikuwa homa ya nchi nzima. Magazeti ya Ngurumo na Uhuru yalikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wa Tanga na Lindi na Unguja na Ujiji walijibizana humo wiki kwa wiki, kila mmoja akilitia jina lake, au lakabu yake, na mji wake, hata ikawa mtu humjua mwenziwe kwa ukali wa vina vyake kabla ya kuuona uso wake. Nikatunga la kwangu, la kusifu bahari, nikalipeleka kwa mzee mmoja wa Kilindoni, mwalimu wa chuo, ambaye zamani mashairi yake yalipata kuchapwa katika Mambo Leo. Alilisoma huku akihesabu mizani kwa vifundo vya vidole, nane za ukwapi na nane za utao, mshororo baada ya mshororo, asikose hata mmoja. Vina vya kati na vya mwisho akavikuta vimetulia. Kisha akanirudishia karatasi yangu na kuniuliza, "Mwanangu, unamjibu nani?"

Nilimwambia simjibu mtu, naisifu bahari tu. Akasema, "Bahari haijakuuliza." Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba mzee yule hakukataa sifa za bahari. Alichokataa ni shairi ambalo laweza kutungwa na yeyote, popote, wakati wowote, bila ya kulazimishwa na chochote. Kwake yeye shairi lilikuwa ni neno la mtu fulani kwa watu fulani, nalo hushikwa kama ushahidi, ndiyo sababu jina na mji huandikwa chini yake. Ukikosea utajibiwa, na ukimkashifu mtu utamkuta sokoni.

Mwaka huu nilialikwa harusini hapa Kilindoni, na shairi la kuwasifu maharusi na kisiwa chao lilisomwa kwa kipaza sauti na kijana aliyetwambia kwa fahari kwamba limetungwa na akili mnemba kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Mshororo mmoja uliniganda kichwani: "Bahari yetu ya Mafia, yenye samaki wa kila rangi." Vifundo vya vidole vyangu vilihesabu vyenyewe, ukwapi mizani tisa, utao kumi. Mbele kidogo papa potwe walikuwa wakicheza katika upepo wa kusi, ilhali kila mtoto wa Kilindoni anajua kwamba papa potwe hutujia kusi ikishakufa, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, na ndio msimu wa wageni kuja kuogelea nao. Na ubeti wa mwisho ukamalizia na harufu ya karafuu iliyoenea kisiwani. Karafuu! Mafia ni minazi, imekuwa minazi tangu enzi za mashamba ya Waarabu, na mkarafuu ukiuona hapa utakuwa umepandwa na mtu aliyeoa Pemba. Watu walipiga makofi, na bibi harusi alifurahi, nami sikuwa na la kusema, kwa kuwa harusini si mahali pa kusahihisha.

Nilipomwuliza mpwa wangu, aliyesomea mambo haya Dar es Salaam, alinieleza jambo ambalo nilishukuru kulijua. Mashine hizi hazisomi silabi kama tuzisomavyo sisi. Huyakata maneno vipande vipande kwa njia yake yenyewe, kufuata maandishi mengi zilizolishwa, kisha hukisia kipande gani hufuata kipande gani, na vipande hivyo havina habari na mizani. Alisema pia kwamba matoleo mapya yanahesabu vizuri zaidi, nami namsadiki, kwa sababu kuhesabu hadi kumi na sita si kitu kizito kwa kompyuta. Lakini karafuu zitatibiwaje? Mashine imesoma mengi ya Unguja na Pemba, imesoma machache mno ya Mafia, na palipokuwa na pengo ikapajaza kwa kisiwa kingine cha Waswahili, kwa sauti ileile ya yakini iliyotumia katika mambo inayoyajua. Kijana mwingine alinichekesha kwa kusema kwamba aliiagiza picha ya watu wa Mafia, ikamletea wanaume wa Kitaliano wenye suti nyeusi na kofia za pama. Kosa hilo halina madhara, kwani kila mtu huliona na kucheka. Linalonitia wasiwasi ni lile la karafuu, ambalo mtu wa Mwanza au Nairobi atalisoma na kuliamini, na akiliandika naye, mashine ya kesho itamsoma yeye.

Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, waliogoma mwaka 2023 tangu Mei hadi Septemba, walipata katika mapatano yao kwamba kilichoandikwa na mashine kisihesabiwe kuwa ni kazi ya mwandishi. Wao walikuwa wakipigania ujira, na haki yao. Lakini niliposoma habari ile nilimkumbuka mwalimu wa Kilindoni na swali lake, maana mashine haimjibu mtu, na hakuna awezaye kuijibu akamkuta wa kumjibu.

Kompyuta nilizijua Dar es Salaam, nilikokwenda kutafuta ukarani mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuwa na mashine hizo mapema kuliko wanavyodhani: ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini ila kwa kibali maalumu. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hasara na vurugu lililotokea katika hesabu za serikali zilipotiwa mashineni, na kule kuwategemea wataalamu wa kigeni katika kitu ambacho wenyeji hawakuweza kukihoji. Marufuku ile ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya themanini. Sikuipenda wakati ule, wala leo sitaki irudi, kwa kuwa ilitunyima vijana wa siku zile muda wa kujifunza, na aliyenyimwa kujifunza atabaki kuwa mnunuzi daima. Hata hivyo siwezi kuwacheka walioiweka kama wanavyochekwa siku hizi katika mihadhara, maana nilikuwapo, na niliona.

Ofisi niliyofanyia kazi sitaitaja. Ilinunua mazao, na hesabu zake zilitobolewa katika kadi na wasichana waliokaa mbele ya mashine zenye kelele, kisha kadi zikapelekwa kwenye kompyuta isiyokuwa yetu, na baada ya siku kadhaa tukaletewa marundo ya karatasi pana zenye mistari, zenye vitundu pembeni, zilizochapwa kwa herufi kubwa. Karatasi zile zilikuwa na haiba ya ajabu. Makarani waliokuwa wakigombana kutwa juu ya senti tano katika leja ya mkono walizitia sahihi bila ya kupepesa macho, kwa kuwa zimetoka mashineni, na aliyezitilia shaka alionekana mshamba.

Mwezi mmoja ilikuja karatasi iliyoonyesha tani za mbata kutoka Mafia. Mimi, mtu wa Mafia, niliipitisha macho na kuona namba tu. Lakini karani mkuu, mzee wa Kisiju, ambaye katika ujana wake alikuwa amepima mbata mizanini na kuzibeba magunia kwa mabega yake, aliiweka karatasi ile juu ya meza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kusema, "Hata wakiangua na vidaka, hazifiki." Ikatafutwa kadi. Ilipatikana baada ya kutwa nzima ya kupekua, ikainuliwa kwenye mwanga wa dirisha, na tundu moja likaonekana limetobolewa safu isiyokuwa yake. Tani za mwezi zilikuwa zimezidishwa mara kumi. Tulilitazama tundu lile kwa zamu.

Mambo mawili yalinibakia katika tukio lile. La kwanza ni kwamba mzee yule hakujua kitu juu ya kompyuta, tena hakudai kujua. Alijua mnazi, na mizani, na watu wa kisiwa kile wangapi waweza kuangua kwa mwezi, na ujuzi huo ndio uliompa haki ya kushuku. Sisi tuliokuwa tukijifunza mashine kwa bidii hatukuwa na pa kuegemeza shaka yetu, na kwa hiyo tulisadiki. La pili sikulithamini hadi uzeeni: kosa lile lilikuwa na kadi yake. Ungeweza kulifuata nyuma hatua kwa hatua mpaka ukalishika kwa vidole, ukamwita aliyelitoboa, naye akakuonyesha mahali mkono wake ulipoteleza. Mashine za siku hizi, zinazotunga na kuandika programu, hazina kadi ya kuinua kwenye dirisha. Waliozitengeneza wenyewe hukiri kwamba hawawezi kueleza kwa yakini kwa nini zimetoa neno hili na si lile. Uzito wake umetawanyika katika namba mabilioni, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ukiitazama itakuambia hapa ndipo palipokosewa.

Wala tusidhani kwamba mashine hizi zimejilea zenyewe. Mwezi wa Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilitoa habari za vijana wa Nairobi, waajiriwa wa kampuni ya Sama, waliofanya kazi ya kusoma, kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, maandishi machafu kupita kiasi, ya kunajisi watoto, ya mauaji, ya mateso, na kuyatia alama, ili mashine ifundishwe kuyatambua na kujiepusha nayo. Na ujira wao kwa saa ulikuwa baina ya dola 1.32 na dola 2. Wapo waliosema kwamba maandishi yale yaliwaingia ndotoni na kuwaharibia nyumba zao. Mei mwaka uleule wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii, waliofanyia kazi kampuni mbalimbali, walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Adabu hiyo tunayoisifu katika mashine, ya kukataa kutamka machukizo, ni kinyaa cha vijana wale kilichonunuliwa kwa bei ile.

Wazee wetu husimulia kwamba watu wa Kisimani walipounda jahazi lao na siku ya kulishua ikafika, waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, chombo kikashuka majini juu ya miili yao. Na kwamba watu wa Kua walikaa kimya miaka mingi, wakalipiza kwa kuwaalika harusini na kuwazibia ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Magofu ya Kua yapo kisiwani Juani mpaka leo, na mji wa Kisimani umeliwa na bahari. Sijui kisa kile kina ukweli kiasi gani, lakini nilipoisoma habari ya Nairobi sikuweza kukizuia kisinijie.

Sasa nije kwenye pweza. Kina mama wa kijiji chetu wana kikundi, na pweza huvuliwa nao kwa mikonzo siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yatokapo hata miamba ikabaki wazi. Katika maji mafu bahari haiachii mwamba, nao hukaa nyumbani wakasuka ukili au wakaenda mashambani. Kilo za kila mmoja ziliandikwa katika daftari, na daftari lilikuwa limelowa, limechanika, lina mwandiko wa watu wengi. Mpwa wangu akajitolea kuwatengenezea programu ya simu. Nia yake ilikuwa njema na kijana mwenyewe si mvivu, lakini hakuiandika. Aliieleza akili mnemba anachotaka, kwamba kila mwanachama awe na kilo zake za kila siku, na jumla ya mwezi, na malipo, nayo ikamwandikia, ikafanya kazi mara ya kwanza, yenye rangi na michoro mizuri kuliko chochote ambacho ningeweza kukifanya mimi katika miaka yangu yote.

Mwisho wa mwezi fedha hazikutosha. Jumla ya simuni ilikuwa kubwa kuliko kilo alizolipia mnunuzi, na macho ya watu yakamgeukia mweka hazina, mama mmoja ambaye sijasikia amedhulumu mtu hata chumvi ya mkopo. Alilia mbele yetu. Aliyemwokoa ni bibi mmoja asiyejua kusoma, ambaye alitaka asomewe kilo zake siku kwa siku, naye akasikiliza akiwa amefumba macho, mpaka msomaji alipofika siku ya saba ya mwezi mwandamo na kumtajia kilo mbili na robo. Akafumbua macho. "Mwezi saba nilikuwa nasuka ukili," akasema, "na hata ningetaka, mwamba ningeuona wapi? Pweza huyo kanivulia nani?"

Ikabainika kwamba programu ilizikuta siku nyingi hazina kilo, ikazidhania kuwa ni siku zilizosahauliwa kuandikwa, na kwa ukarimu wake ikajaza kila moja kwa wastani wa siku nyingine. Hakuna aliyeiambia ifanye hivyo, na hakuna aliyeikataza. Kwa mtu wa hesabu za mahali pengine huenda hilo likawa ni tendo la busara. Kwetu ilikuwa ni kuivua bahari iliyofunika. Mpwa wangu alipolitafuta kosa ndani ya mistari mia kadhaa ambayo hakuiandika, alikuwa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe, akafungua milango asiyojua inaelekea wapi. Akairudia mashine, ambayo iliomba radhi kwa adabu kubwa na kumpa mistari mingine. Siku za maji mafu zikawa sifuri kama itakiwavyo, na mgawanyo wa malipo, uliokuwa sawa hapo kwanza, ukaharibika.

Alinijia usiku ule. "Shikamoo mjomba," akasema, akakaa asiongeze neno. Nilimwuliza kama imempunguzia kazi, akajibu bila ya kusita kwamba imempunguzia sana. Nikamwuliza amekaa na kosa hili siku ngapi, akanyamaza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha baadaye, na nampa heshima yake kwa hilo, habari za taasisi ya METR ya Marekani, ambayo Julai 2025 ilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa waandishi wa programu 16 wenye uzoefu, katika kazi 246 za miradi waliyoijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe, hata walipokwisha kumaliza, walidhani wameharakisha kwa asilimia 20. Jaribio la watu 16 haliwezi kuwa hukumu ya dunia nzima, na mashine hubadilika kila mwezi. Basi asilimia hizo nisingezishikilia. Ninachokishikilia ni ule umbali baina ya dhana yao na hali ilivyokuwa, maana nimeuona hapa kwetu kwa macho yangu, katika sura ya kijana aliyekuwa akinihakikishia kwamba kazi imepungua.

Nisije nikaonekana sina insafu, niseme kwamba mpwa wangu hajaiacha mashine ile, wala sijamtaka aiache. Humfasiria vitabu vya Kiingereza, humweleza maana ya kosa ambalo kompyuta imemlalamikia, na humwandikia vipande vifupi ambavyo aweza kuvipima mwenyewe kwa namba ambazo jibu lake analijua. Sehemu ya siku na malipo ameiandika upya kwa mkono wake, akiniuliza mimi na kuwauliza kina mama: bamvua huanza kuhesabiwa lini, anayekwenda na mtoto wake kilo zinaandikwa kwa nani, pweza aliyekatwa mkono hupimwa na wenziwe au peke yake. Maswali hayo mashine haikumwuliza, naye hapo kwanza hakujua kuwa yapo. Ananiambia kwamba katika miaka michache itayauliza yenyewe, na kwamba mimi nitaaibika. Nasi hubishana juu ya hilo karibu kila jioni, na hakuna aliyekubali bado.

Kina mama walishurutisha kwamba daftari lisitupwe, liandikwe sambamba na simu mpaka waridhike. Bamvua iliyopita, hesabu zilipolinganishwa, simu ilikuwa na kilo na nusu zaidi ya alizozipima mnunuzi, na watu wakamtazama mpwa wangu. Yule bibi wa ukili akasema hapana kosa, ni maji ya pweza yaliyodondoka njiani toka mwambani, kila siku hupungua kiasi hicho. Na mpwa wangu akaomba kalamu, akaliandika hilo pembeni mwa daftari, akauliza kama jua likiwa kali hupungua zaidi.